Mama Mwilu na Kifungo cha Miaka Thelathini

Mwanamke aliyefiwa na mume ana mahali pake katika jamii. Hukaa eda, hupewa pole na majirani, na siku zikitimia huvua nguo za msiba akaanza maisha mengine. Aliyeachwa naye anayo talaka yake mkononi. Lakini mke wa mtu aliyefungwa kifungo cha maisha yuko upande gani? Si mjane wala si mtalaka. Mumewe yu hai, naye hana mume. Kila mwaka unapokwisha hajui kama ahesabu kuwa umepungua au umeongezeka.

Katika hali hiyo aliishi mama mmoja wa Kongo, Marie Mwilu, tangu mwaka 1921 hadi mwaka 1951. Mumewe aliitwa Simon Kimbangu. Habari za Kimbangu zimeandikwa katika vitabu vingi, na jina lake linajulikana mbali na mipaka ya nchi yake. Habari za mkewe hutajwa kwa sentensi mbili tatu, kama vile mtu atajavyo mlango aliopitia. Makala haya hayana budi kumweleza Kimbangu kwanza, maana bila yeye hapana kisa. Hata hivyo msomaji anaombwa akitazame kisa hiki kutoka upande wa nyumba iliyobaki nyuma, kwa kuwa huko ndiko, kwa maoni ya mwandishi, serikali ya Wabelgiji ilikoshindwa.

NCHI ILIYOCHOSHWA

Wabakongo, kabila la Kimbangu, hukaa magharibi kabisa mwa Kongo, kati ya bahari na mji wa Kinshasa. Wengine wako Angola, na wengine ng'ambo ya mto katika Kongo-Brazzaville. Ni watu walioufahamu Ukristo tangu kale: mfalme wao alibatizwa na Wareno mwaka 1491. Tena hawakungoja karne hii iliyopita ndipo wamwone mmoja wao akiinuka na kudai kwamba Mungu aweza kusema na Mwafrika pasipo mkalimani. Mwaka 1704 binti mmoja aitwaye Kimpa Vita, ambaye jina lake la ubatizo lilikuwa Beatriz, alitangaza kuwa Mtakatifu Antonio amemshukia, na ya kuwa Yesu alizaliwa katika nchi ya Kongo. Aliwaongoza watu wengi kurudi katika mji mkuu wa ufalme, uliokuwa umegeuka magofu kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Julai 2, 1706, aliteketezwa kwa moto, kwa hukumu iliyoungwa mkono na mapadre Wakapuchini. Mtoto wake mchanga alinusurika.

Miaka mia mbili baadaye nchi ile ile ilikuwa imechoka zaidi. Kuanzia mwaka 1885 hadi 1908 Kongo nzima ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, naye aliitumia kama mtu atumiavyo shamba asilokusudia kumrithisha mwanawe. Wabakongo walibeba mizigo ya wageni vichwani kutoka Matadi hadi mahali panapoanza maji ya kusafirika kwa meli, mpaka reli ilipokamilika mwaka 1898. Ugonjwa wa malale ulifagia vijiji. Serikali ya Ubelgiji iliyomrithi Leopold mwaka 1908 ilileta utaratibu, lakini utaratibu wenyewe ulikuwa wa kodi, kazi za lazima na kiboko. Kisha, mwaka 1918, ikaja homa ya mafua iliyoizunguka dunia, nayo haikuipita Kongo.

Katika nchi hiyo, kijijini Nkamba, alizaliwa Simon Kimbangu karibu na mwaka 1887. Alibaki yatima angali mdogo, akalelewa na shangazi yake. Julai 4, 1915, yeye na mkewe Mwilu walibatizwa katika misheni ya Wabaptisti Waingereza ya Ngombe Lutete, naye akawa mwalimu wa dini kijijini. Wafuasi wake husimulia kwamba sauti ilimwita katika mwaka ule wa mafua, akaikataa. Akakimbilia Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, akafanya kazi katika kiwanda cha mafuta ya mawese. Sauti ilimfuata huko huko. Mwishowe alirudi nyumbani kulima.

SIKU SITINI NA MOJA

Aprili 6, 1921, katika kijiji cha Ngombe Kinsuka, Kimbangu aliingia katika nyumba ya mwanamke mgonjwa aliyeitwa Kiantondo, akamwekea mikono na kumwombea, naye akapona. Hivyo ndivyo isemavyo simulizi ya kanisa lake, na si kazi ya gazeti kupima miujiza. Linaloweza kupimwa ni yale yaliyofuata. Baada ya majuma machache njia zote za kwenda Nkamba zilijaa watu. Wagonjwa walibebwa kwa machela, na magari ya moshi ya reli ya Matadi yalifurika abiria. Hospitali za misheni zilibaki na vitanda vitupu, na Biblia na vitabu vya nyimbo vikanunuliwa vikaisha. Watu wakaanza kuiita Nkamba "Yerusalemu Mpya".

Alihubiri nini? Aliwataka watu watupe hirizi na sanamu za uganga, mume awe na mke mmoja, pombe iachwe, na ngoma za usiku zikome. Mmisionari gani asingefurahi? Miaka arobaini walikuwa wakiyahubiri hayo hayo, wakasikilizwa na wachache. Sasa hirizi zilikuwa zikitupwa njiani kwa neno la mwalimu wa kijijini. Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Neno lilikuwa lile lile, ila mdomo ulikuwa mwingine.

Serikali nayo ilikuwa na mahesabu yake. Mtu aliyekwenda Nkamba hakwenda shambani kwa mzungu. Vibarua waliacha kazi katika reli na mashamba, maboi waliacha majiko ya mabwana wao. Kimbangu mwenyewe hakuhubiri uasi, alihimiza utii. Lakini kwa mfano wake waliinuka manabii wengine, walioitwa "ngunza" kwa Kikongo, na baadhi yao walisema wazi kwamba kodi isilipwe na kwamba siku za Wazungu zinakwisha. Mtawala wa wilaya, Leon Morel, alifika Nkamba Mei 11, akatazama, akarudi na wasiwasi. Taarifa yake ilikuwa na akili kuliko taarifa nyingi za namna hiyo: aliona kwamba jambo hili likiachwa litawapatia Waafrika dini yao wenyewe, na watu wenye dini yao wenyewe hawatakawia kutaka mengine yao wenyewe.

Juni 6 Morel alirudi na askari. Nkamba iliporwa, lakini Kimbangu aliponyoka. Kwa hiyo mahubiri yake ya hadharani yalikuwa ya siku 61 tu, na ukizihesabu na zile za mafichoni ni siku 159. Mtu asiyejua angedhani yalikuwa ya miaka mingi.

Msomaji asisahau jinsi mambo yalivyokuwa duniani katika mwaka ule. Huko Marekani, Marcus Garvey alikuwa akiwaambia watu weusi kwamba Afrika ni ya Waafrika. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, Mkutano wa Pili wa Umoja wa Waafrika, uliokuwa na W. E. B. Du Bois, ulikaa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Magazeti ya huko yaliunganisha mambo hayo yote kwa uzi mmoja, na mwalimu wa kijijini aliyekuwa akiombea wagonjwa akaonekana kuwa mjumbe wa njama ya dunia nzima.

Septemba 12, 1921, Kimbangu alirudi Nkamba kwa hiari yake, akangoja, akakamatwa. Wilaya ilikuwa chini ya amri ya kijeshi, basi alipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Thysville, ambao sasa huitwa Mbanza-Ngungu. Hakuwa na wakili. Hakuonekana na silaha, wala hakuna mzungu aliyeuawa kwa amri yake. Oktoba 3 mahakama, iliyosimamiwa na ofisa aitwaye de Rossi, ilimhukumu kupigwa viboko 120, kisha auawe. Viboko mia na ishirini kwa mtu atakayeuawa! Wamisionari Wabaptisti waliomba ahurumiwe, na mwezi Novemba Mfalme Albert wa Kwanza akaigeuza adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha.

Mfungwa akasafirishwa hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi, katika jimbo la Katanga. Kutoka Nkamba hadi huko ni zaidi ya kilometa 1,500 hata kwa njia ya ndege. Huko ulikuwa mji wa migodi ya shaba, na lugha ya mji, iliyokuwa ikisemwa na vibarua waliotoka kila upande, ni hiki Kiswahili chetu kwa lafudhi ya Katanga. Kimbangu alikuwa mtu wa Kikongo. Serikali ilikuwa imemweka mahali ambapo hata angehubiri dirishani, mpita njia angesikia lugha ya mgeni.

NYUMBA YA NGOMBE KINSUKA

Nyumbani walibaki wavulana watatu na mama yao. Charles Kisolokele alikuwa na umri wa miaka saba, Salomon Dialungana mitano, na Joseph Diangienda mitatu.

Serikali haikuwasahau watoto. Kisolokele, na baadaye Diangienda, walipelekwa kusoma mbali, mjini Boma, katika shule ya serikali iliyoendeshwa na watawa wa Kikatoliki. Pengine mtu atasema ilikuwa hisani, kwa kuwa shule zilikuwa chache na elimu waliyoipata iliwafaa maishani. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba mtoto wa miaka saba achukuliwaye na serikali iliyomfunga baba yake, akafundishwe kuwa karani wa serikali hiyo hiyo, hapewi hisani, anachukuliwa rehani. Mama aliyekuwa na mume gerezani na watoto mikononi mwa waliomfunga mume alikuwa na sababu nyingi za kunyamaza.

Mwilu alikaa Ngombe Kinsuka, kijiji kile kile cha Kiantondo, chini ya macho ya wakuu wa serikali. Hakuruhusiwa kuongoza chochote. Alikuwa mwanamke wa shamba, mke wa mhalifu. Lakini walioshika imani ya mumewe walikuja kwake kwa siri. Walikuja kusikia kama kuna habari, kuombewa, kuuliza wafanyeje pale mwalimu wa misheni anapowataka wamkane nabii, au jumbe anapodai majina. Mchana wengi wao walikuwa Wabaptisti au Wakatoliki wa kawaida, walioketi katika mabenchi ya kanisa kama wenzao. Usiku walikutana porini, wakaimba nyimbo zao wenyewe kwa sauti ya chini. Mambo haya yaliendelea mwaka baada ya mwaka, na ncha zote za uzi zilirudi katika nyumba moja.

Watu wengi wamezoea kudhani kwamba harakati huishi kwa hotuba na mikutano. Serikali ya Wabelgiji ilidhani vivyo hivyo, na ndiyo maana ilimwondoa mhutubu ikaridhika. Haikufikiri kwamba jambo lililozaliwa katika chumba cha mgonjwa laweza kutunzwa katika chumba kingine kama hicho, na mtu apikaye, alimaye na kulea, ambaye hakuna ofisi iliyomwandika katika daftari la viongozi. Waliotafuta mkutano wa hadhara wa kuvunja hawakuuona. Waliona mama akikaribisha wageni, na katika Afrika mama anayekaribisha wageni hashitakiwi.

Wafuasi walilipa kwa namna nyingine. Wale waliogunduliwa walihamishwa kwa nguvu, wao na jamaa zao, wakapelekwa mbali na nchi yao. Kanisa lenyewe hutaja familia 37,000. Wako wataalamu wanaoiona hesabu hiyo kuwa kubwa mno. Vyovyote iwavyo, walikuwa wengi, na wengi wao hawakurudi. Baadhi walipelekwa Lowa, mashariki, kwenye mto Lualaba, katika nchi ya watu wasemao Kiswahili. Wabelgiji walikusudia kuwatenga, kama mtu aondoavyo kaa la moto jikoni. Wakalitupa nyasini. Imani iliyokuwa ya wilaya chache za Wabakongo ilipelekwa bure, kwa gharama ya serikali, katika majimbo ambayo Kimbangu mwenyewe asingeyafikia kwa miguu.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha jinsi watu walivyokuwa wakingoja. Katikati ya miaka ya 1930 Jeshi la Wokovu lilifungua kazi yake Leopoldville. Maofisa wake walivaa sare zenye herufi "S" kwenye kola, na Wabakongo walipoiona herufi hiyo wengi walisadiki kwamba ni "S" ya Simon, na ya kuwa nabii amerudi, safari hii katika mwili wa mzungu. Walimiminika katika mikutano, wakashikana mikono na wageni hao ili wapate baraka, na Jeshi la Wokovu likashangaa kwa mafanikio yake. Kuna atakayecheka. Lakini watu wasio na gazeti, wasio na chama, waliokatazwa hata kulitamka jina, walikuwa wamelitafuta wakalipata katika herufi moja ya shaba.

OKTOBA 1951

Simon Kimbangu alifariki gerezani Elisabethville Oktoba 12, 1951. Alikuwa amekaa kifungoni miaka 30 na mwezi mmoja. Nelson Mandela, ambaye dunia nzima ilimhesabia siku, alikaa miaka 27. Kisolokele, mtoto yule wa miaka saba, alikuwa sasa mtu mzima wa miaka 37, mkubwa kuliko baba yake alivyokuwa siku ya kukamatwa.

Mwilu sasa alikuwa mjane kweli. Ila nyumba yake haikuwa tena nyumba ya mama na watoto. Wanawe walikuwa wamesoma; Diangienda alikuwa karani wa serikali na alijua jinsi barua zinavyoandikwa na mezani kwa nani hufikia. Yale waliyofundishwa ili wamtumikie Mbelgiji sasa waliyatumia kumdai. Katikati ya miaka ya 1950 viongozi wapatao 600 wa waumini walitia sahihi barua kwa Gavana Mkuu Petillon. Walimweleza kwamba wamechoka kukamatwa wakisali mmoja mmoja na kuwasumbua askari. Basi watakusanyika wote katika uwanja mmoja, bila silaha, na serikali iamue kuwakamata kwa pamoja au kuwaua kwa pamoja. Gavana hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alikuwa amefikishwa mahali ambapo mwenye bunduki hana la kufanya na bunduki yake.

Desemba 24, 1959, miezi sita kabla ya uhuru, serikali ya kikoloni ililitambua Kanisa la Yesu Kristo Duniani la Nabii Simon Kimbangu. Mama Mwilu hakuwapo. Alikuwa amefariki Aprili 27 ya mwaka huo huo, miezi minane kabla.

Aprili 3, 1960, mabaki ya Kimbangu yaliyofukuliwa Elisabethville yalizikwa Nkamba. Juni 30 Kongo ikawa huru, na katika baraza la mawaziri la Patrice Lumumba alikuwamo Charles Kisolokele, waziri wa nchi.

KITI KARIBU NA MTAWALA

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na waandishi wengi huishia hapo. Lakini kisa hakikuisha.

Mwaka 1965 Jenerali Mobutu alitwaa madaraka. Serikali yake nayo haikupenda sauti mbili katika nyumba moja. Mwaka 1972 Kadinali Malula wa Kinshasa, aliyepinga amri ya kuwavua Wakristo majina yao ya ubatizo, alilazimika kukaa Rumi kwa muda. Mwaka 1974 Krismasi iliondolewa katika sikukuu za taifa, na mafundisho ya dini yakakatazwa shuleni. Kabla ya hayo, sheria ya mwisho wa mwaka 1971 iliamuru kwamba makanisa ya Kikristo yatakayotambuliwa nchini ni matatu tu: Katoliki, muungano wa Waprotestanti, na la Kimbangu.

Kwa wafuasi wa Kimbangu huo ulikuwa ushindi mkubwa kuliko ule wa 1959. Walikuwa wamekubaliwa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1969, na sasa nchini mwao walikaa sawa na wale waliowahi kuwapeleka mahakamani. Kanisa liliendelea kufundisha utii kwa mamlaka, kama Kimbangu alivyofundisha, na Mobutu alifurahi kuwa na dini ya Kiafrika iliyo halisi na yenye adabu. Lakini sheria ile ile ilivipiga marufuku vikundi vingine vingi vya manabii, na baadhi yake vilitokana na mwamko ule ule wa 1921, vikiwa na mashahidi wao waliohamishwa kwa mkono ule ule wa Wabelgiji. Nao Kitawala, waliokuwa wameteswa Katanga na Kivu tangu enzi za ukoloni kwa kukataa kuitambua serikali yoyote isipokuwa ya Mungu, waliendelea kusakwa. Walirudi porini kuimba kwa sauti ya chini.

Je, kanisa la Mwilu lingefanya nini? Wako wasemao kwamba liliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Mwandishi hathubutu kusema hivyo kwa wepesi. Watu waliokaa mafichoni miaka 38, waliozika jamaa zao katika nchi za mbali, wanapopewa shule zao, zahanati zao na cheti chenye mhuri, si ajabu wakikataa kucheza na mhuri huo. Hata hivyo ni kweli kwamba sauti iliyomtia hofu Morel haikumtia hofu Mobutu. Ilikuwa sauti ile ile, ikiimba nyimbo zile zile, kwa matarumbeta na filimbi sasa, katika sare za kijani na nyeupe.

Na nyumba nayo ikapata misukosuko ya nyumba. Diangienda, aliyeliongoza kanisa tangu mwanzo, alifariki mwaka 1992, na Dialungana akafuata mwaka 2001. Kiti kilimwendea mwana wa Dialungana, Simon Kimbangu Kiangani, na hapo wajukuu wakagawanyika kama wajukuu wa nyumba nyingi tunazozijua. Ukatokea upande wa pili wenye viongozi wake. Yamekuwapo pia mafundisho yaliyoyashtua makanisa mengine. Krismasi yao huadhimishwa Mei 25, siku aliyozaliwa Dialungana. Mwanamke yule wa Ngombe Kinsuka aliyashika mambo haya yote pamoja miaka thelathini bila katiba wala ofisi.

Wakati huo huo nchi ya Wabakongo haijaacha kuzaa watu wanaochanganya sala na madai. Kikundi cha Bundu dia Kongo, kilichoanzishwa mwaka 1969 na kilichotaka kuurudisha ufalme wa kale na dini ya mababu, kilishambuliwa na polisi katika jimbo hilo hilo mwaka 2007, na tena mwaka 2008, ambapo wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu wasiopungua 100 waliouawa. Serikali wakati huo haikuwa ya Wabelgiji wala ya Mobutu. Ilikuwa imechaguliwa kwa kura, na taarifa zake zilikuwa na maneno yale yale kuhusu usalama wa taifa ambayo karani wa Thysville aliyaandika mwaka 1921.

Nkamba ya leo ni mji wa hija. Hekalu kubwa lililokamilika mwaka 1981 limesimama juu ya kilima, na kila aingiaye katika eneo takatifu huvua viatu, awe waziri au mchuuzi. Wanawake hufunika vichwa. Watu huteka maji ya kisima na kuyapeleka kwa wagonjwa walioko nyumbani, kama walivyofanya wazee wao waliotembea kwa miguu kutoka pande zote za reli. Mwaka 2011 mahakama ya juu ya kijeshi ya Kongo ilimsafisha Kimbangu na hukumu ya Thysville. Na tangu mwaka 2023 Aprili 6, siku ile alipomwekea Kiantondo mikono, ni sikukuu ya taifa. Ofisi na shule hufungwa nchi nzima, kutoka Matadi mpaka Lubumbashi. Aprili 27, siku aliyofariki Mama Mwilu, haimo katika orodha hiyo.